Bukini ilikuwa mlangoni kwetu: uchambuzi wa kosa moja la mtihani

Kosa lilikuwa langu, na nililiandika kwa wino mwekundu.

Nafundisha tuisheni ya jiografia hapa Makorora, Tanga, kwenye baraza la nyumba: wanafunzi kumi na wawili, mabenchi matatu, na ubao ambao ukipata unyevu wa mvua chaki haishiki. Jumamosi moja niliwapa jaribio watoto wa kidato cha tano. Swali la tatu lilikuwa lile la miaka yote: toa hoja tano za ushahidi kwamba mabara yamehama, kila hoja alama 4. Msahihishaji wa swali hili huwa hasomi, anatafuta maneno tu. Pwani ya Afrika kuoana na ya Amerika Kusini, pata. Masalia ya Mesosaurus, reptilia wa kale, kuonekana Brazil na kusini mwa Afrika, pata. Majani ya Glossopteris, pata. Mikwaruzo ya barafu ya kale kwenye nchi za joto, pata. Mkono unakwenda wenyewe huku chai inapoa.

Binti mmoja wa mchepuo wa HGL (historia, jiografia na lugha ya Kiingereza) aliandika hizo nne vizuri. Ya tano hakuitoa kwenye daftari langu. Aliandika kwamba Madagaska ilikuwa imegusana na pwani ya Tanga na Mombasa, wala si ya Msumbiji. Kwamba ilibanduka ikateremka kusini. Na kwamba inaendelea kutuacha mpaka leo. Nikampigia kosa, na pembeni nikaandika: "Angalia ramani!" Alama ile ya mshangao ndiyo inayoniuma hadi sasa.

Alisubiri wenzake waondoke.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani, naomba kuuliza. Hapa nimekosa nini?"

Nikamfungulia atlasi. "Madagaska iko mbele ya nani? Ya Msumbiji. Pale bahari ilipobana kati yao ni kilomita 400 na kidogo. Sisi kutoka hapa hadi ncha yake ya kaskazini ni zaidi ya 1,300. Sasa itokeje kwetu?"

"Ramani nimeiangalia, Mwalimu. Inaonyesha ilipo. Haionyeshi ilipotoka."

Nilimwambia aniachie karatasi. Kabla hajaondoka nikamuuliza habari hizo kazitoa wapi. Akasema kwa mjomba wake, dalali wa vito anayekwenda na kurudi kati ya bonde la Umba na mjini. Wanunuzi wakishika garneti zake, swali lao la kwanza ni moja: hii ya Umba kweli, au ya Bukini? Bukini, kwa ambao hawakukulia pwani, ndiyo Madagaska yenyewe. Wazee wetu waliiita hivyo.

Nilivyojidanganya

Sisi walimu tunaanza somo hili kwa umbo. Tunakata makaratasi, tunalisogeza bega la Brazil kwenye kwapa la Afrika pale Ghuba ya Guinea, darasa zima linasema "aaah". Ni njia nzuri ya kumwamsha mtoto. Alfred Wegener naye, alipoitoa hoja yake hadharani Frankfurt mwezi Januari 1912, alikuwa amevutwa kwanza na kuoana huko. Hata mwaka 1965, Edward Bullard na wenzake walipoyapatanisha mabara kwa kompyuta pale Cambridge, hawakutumia ufukwe tunaouona. Walitumia ukingo wa bara ulio chini ya maji, kwenye kina cha mita 900 hivi, kwa kuwa ufukwe hubadilika: bahari hupanda na kushuka, mito humwaga matope.

Mimi hata umbo sikulitumia. Nilitumia ukaribu. Kisiwa kiko jirani na Msumbiji, basi kimetoka Msumbiji. Ni sawa na kumkuta mtu amekaa kibarazani kwa jirani ukaamini ndiko alikozaliwa.

Kinachonifariji kidogo ni kwamba nimekosea pamoja na wakubwa. Suala la Madagaska liliwasumbua wanajiolojia miongo kadhaa. Walikuwapo waliosema kisiwa hakijawahi kuondoka kilipo. Walikuwapo waliosema kilibanduka Msumbiji kikaenda mashariki. Na wengine, akiwamo Alexander du Toit wa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, walikiweka juu kabisa, kwenye pwani ya Kenya na Tanganyika. Kufikia miaka ya 1970 bado hoja hizi zilikuwa zinapingana kwenye majarida, wakati huo kuhama kwa mabara kwenyewe kulikuwa kumeshakubalika. Kwa hiyo kisa cha binti huyu kinatupa nafasi ambayo mfano wa Brazil hautupi: hapa umbo halijibu swali. Lazima uende kwenye ushahidi mwingine, mmoja baada ya mwingine, uone upi una nguvu na upi unapiga kelele tu.

Jiwe la mjomba

Nilianza na alipoanzia yeye. Mjomba alikuja Jumanne jioni na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na garneti ndogo kuliko punje ya choroko. Kwenye mwanga wa nje ilikuwa na kijani kilichofifia, kama chupa ya zamani iliyosuguliwa na mchanga. Akaingia nayo ndani, akawasha mshumaa, akaishika kwa kibanio karibu na mwali. Ikawa na wekundu wa zambarau. Taa zetu hizi za kubana matumizi hazifanyi kazi hiyo vizuri, alisema, ndiyo maana mshumaa hautoki mfukoni mwake.

Garneti za kubadilika rangi namna hiyo hutoka Umba, karibu na mpaka wa Kenya, na hutoka pia Bekily, kusini mwa Madagaska. Hata tsavoriti, ile garneti ya kijani kibichi inayochimbwa Merelani na ng'ambo ya mpaka kule Taita, imepatikana kusini mwa Madagaska. Vito hivi havikuzaliwa ufukweni. Vilipikwa chini sana ardhini, kwa joto na mgandamizo, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana na kushikana kuwa bara kubwa la Gondwana. Miamba ya Usambara ni sehemu ya upishi huo huo. Ukanda wake unapita Afrika Mashariki na kuendelea ndani ya Madagaska.

Je, hiyo inatosha? Haitoshi. Ukanda ule ni mrefu mno, unaanzia pembe ya Afrika na kuteremka hadi Msumbiji. Hata jina wanaliita Ukanda wa Msumbiji. Jiwe linakuambia kwamba Bukini na Afrika ziliwahi kuwa chungu kimoja. Halikuambii zilishikana mkono wapi. Nilimweleza mjomba hivyo, akakunja kikaratasi chake akasema, "Mwalimu, mimi nauza tu."

Mjusi wetu, na yule wa fizikia

Hapa ndipo niliposhangaa kuliko pote, maana jibu lilikuwa limelala miguuni mwetu miaka yote. Ukitoka Tanga mjini kuelekea kaskazini-magharibi, nyuma ya chokaa, kuna miamba ya mchanga na ya matope yaliyogeuka jiwe. Ni ya kundi linaloitwa Karoo. Humo, eneo la Mizimbwini, yalipatikana mabaki ya mnyama wa jamii ya reptilia mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Mwaka 1924 Sidney Haughton alimpa jina la mji wetu: Tangasaurus. Nimefundisha Mesosaurus wa Brazil kwa miaka tisa na sikuwahi kumtaja Tangasaurus hata siku moja.

Ana ndugu. Miaka miwili baadaye Jean Piveteau alimwandika Hovasaurus kutoka kusini-magharibi mwa Madagaska, na Philip Currie alipowachunguza upya mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwaona kuwa watu wa ukoo mmoja wa karibu. Yupo na mwingine wa ukoo huo, wa baadaye kidogo, kwenye mawe ya mchanga nyuma ya Mombasa, huko Mariakani, na jina lake ni Kenyasaurus. Hovasaurus alikuwa na mkia mrefu uliosimama kama kasia, na tumboni mwake hukutwa vijiwe alivyovimeza, huenda vya kumpa uzito azame. Nilikwenda kumwambia binti kwa furaha kwamba tumepata.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia alikuwa amekaa hapo anakula mihogo. Akauliza bila hata kugeuka: "Huyo mwenye mkia wa kasia, si anaogelea?"

Ndiyo, anaogelea.

"Basi kaogelea."

Nikanyamaza. Ana haki. Nguvu ya hoja ya masalia iko kwenye mnyama asiyeweza kuvuka, na huyu alikuwa muogeleaji. Ni kosa lile lile wanalofanya vijana wetu wanapotaja silikanti. Watu wa Tanga tunajivunia samaki huyu, wavuvi wetu wamemnasa mara nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ana hifadhi yake ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009. Yupo hapa, yupo Komoro, yupo Madagaska. Lakini samaki aliyeko pande mbili za maji hathibitishi kwamba maji hayakuwapo. Anathibitisha kwamba ni samaki.

Kinachomuokoa Tangasaurus ni jiwe lililomhifadhi. Karoo ya Tanga kwa sehemu kubwa ni mchanga na matope ya mito na maziwa, si ya bahari. Miamba ya namna hiyo na ya umri huo ndiyo inayoendelea Mariakani, na ndiyo iliyo chini ya bonde la Morondava huko Madagaska. Juu yake, hapa kwetu, inakuja chokaa, na chokaa ile ni ya baharini. Ukiingia Mapango ya Amboni pale Kiomoni, ukaweka mkono ukutani, umeshika sakafu ya bahari ya enzi ya Juraski. Watalii huonyeshwa umbo la sofa, umbo la tembo, na sehemu za matambiko. Sikumbuki kusikia akiambiwa mtu kwamba ukuta ule ni tarehe: unaonyesha lini chumvi ilifika Tanga. Chini yake mto, juu yake bahari. Katikati ya mambo hayo mawili ardhi ilipasuka na maji yakaingia.

Kwa hiyo sasa tunajua lini mlango ulifunguka. Hatujajua bado aliyetoka mlangoni alikuwa nani, wala alielekea upande gani.

Vikoi viwili

Jibu lenye nguvu lilitoka chini ya bahari, na nusu ya hadithi yake ni ya Bahari ya Hindi yenyewe, ingawa vitabu vyetu hupenda Atlantiki. Mwaka 1962 meli ya Uingereza, HMS Owen, ilipima usumaku wa sakafu ya bahari kwenye mgongo wa Carlsberg, safu ya milima iliyo chini ya bahari kule kati ya Somalia na India. Frederick Vine na Drummond Matthews wakavichambua vipimo vile, na mwaka 1963 wakatoa ushahidi wa jambo ambalo Wegener, aliyefariki kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, hakulipata: mashine ya kuhamisha mabara. Lava inapanda katikati ya mgongo wa bahari, inapoa, na chembe zake za chuma zinaganda zikiwa zimeelekea kaskazini ya wakati huo. Usumaku wa dunia hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini. Kila ukigeuka, sakafu inayozaliwa inabeba mwelekeo mpya. Matokeo yake ni mistari, ya kulia ikifanana na ya kushoto.

Barazani nilisogeza meza mbili zikakaribiana, nikaacha mwanya wa vidole viwili. Nikachukua vikoi viwili vya mistari inayofanana, nikavipitisha chini na kutoa ncha zake juu kwenye mwanya, mistari ikiwa sambamba na mwanya. Kijana mmoja akavuta chake kuelekea Msikiti, yaani kaskazini, mwingine akavuta kuelekea barabarani, kusini. Mistari ikajitokeza miwili miwili, mmoja huku na mwenzake kule.

"Sasa," nikawauliza, "mistari imelala upande gani?"

Mashariki kwenda magharibi.

"Na wao wanavutana wapi na wapi?"

Kaskazini na kusini.

Hapo ndipo yule binti aliponiangalia, maana aliona tunakoelekea kabla sijafika. Kama Madagaska ingekuwa imetoka Msumbiji kwenda mashariki, mistari katika mlango wa Msumbiji ingelala kaskazini–kusini, kama vikoi vilivyovutwa kwenda upande wa bahari. Meli za utafiti zilipopima bonde la bahari lililo mbele ya Somalia, Kenya na Tanzania, kaskazini ya Madagaska, zilikuta mistari imelala mashariki–magharibi. Katikati yake kuna mgongo uliokufa, kiwanda kilichofungwa. Philip Rabinowitz, Millard Coffin na David Falvey waliyachapisha hayo mwaka 1983. Upande mmoja wa mistari ni Afrika. Upande wa pili ni Madagaska. Mwendo ni wa kusini.

Kuna na alama ya kukokotwa. Ukipita Sahare asubuhi, mchanga utakuambia ngalawa ipi imeingia majini na kwa njia gani, hata kama mwenyewe ameshapotea upeoni, kuna mfereji. Chini ya mlango wa Msumbiji upo mgongo wa Davie, wa zaidi ya kilomita 1,000, unaoteremka kutoka upande wa pwani yetu kuelekea magharibi mwa Madagaska. Huo ndio unaosomwa kama mfereji wa ngalawa. Sitaki kuupamba kupita kiasi: watafiti wa miaka ya karibuni bado wanabishana kama Davie ndiyo njia yenyewe, na kama safari ilianza kwa kwenda kusini moja kwa moja au kwa kukata pembe kwanza. Wanabishana juu ya pembe. Kwamba ilitoka huku, hilo halibishaniwi tena. Hata mawe ya nchi kavu ya Madagaska yalishasema mwaka 1976, pale usumaku wake uliposomwa na kuonyesha kwamba kisiwa kilikuwa kwenye latitudo za kaskazini zaidi kabla ya kufika kilipo.

Sisi tunajisifu kwamba Tanga waja leo waondoka leo. Madagaska ilianza kuondoka kama miaka milioni 165 iliyopita, ikatulia karibu miaka milioni 120 iliyopita. Tulipiga hesabu ubaoni: ukichukua kilomita 1,000 za safari, ukazigawa kwa miaka milioni 45, ni sentimita mbili na kidogo kwa mwaka. Mwalimu wa fizikia akaidai chaki arudie mwenyewe. Ikatoka hiyo hiyo.

Alama

Nilirudi kwenye karatasi. Kwamba Madagaska iligusana na pwani yetu: sahihi. Kwamba haikutoka Msumbiji: sahihi, ingawa alipaswa kutoa sababu, na "mjomba amesema" si sababu. Kwamba iliteremka kusini: sahihi.

Ikabaki sentensi ya mwisho, kwamba inaendelea kutuacha mpaka leo. Hapo nilikaa muda. Wanafunzi wengi, na walimu pia, wanaamini kitu kikishaanza kuhama hakisimami. Lakini ule mgongo wa bahari umekufa. Mpasuko ulikuja baadaye upande wa pili wa kisiwa: India ilibanduka kutoka mashariki mwa Madagaska kama miaka milioni 88 iliyopita, ikapanda kaskazini hadi kuigonga Asia. Bukini ilibaki, na leo inakwenda karibu sawasawa na sisi, kama abiria wa chombo kimoja; Afrika nzima inasogea kaskazini-mashariki kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka, kama vipimo vya setilaiti vinavyoonyesha. Anayetuacha kwa sasa hayuko baharini. Ni bara lililo nyuma yetu. Bonde la Ufa linatanuka kwa milimita chache kwa mwaka, zaidi kule Ethiopia na pungufu huku chini, na Tanga iko upande wa mashariki wa ufa huo. Mwanza ndiyo inayobaki nyuma.

Nikafuta kosa, nikaandika 3 kati ya 4. "Angalia ramani!" sikulifuta, nililipigia mstari tu, lionekane.

Alipoiona alihesabu jumla yake: kutoka 16 imefika 19. Akashukuru. Halafu akasema kwamba ikiwa Madagaska haijashikana kabisa na bamba letu, yaani kipande cha gamba la dunia kinachotubeba, hata milimita moja ni kusogea, kwa hiyo ile alama moja atakuja kuidai. Nimemwambia alete vipimo.